Kofia Haikai Kitandani

"Na hapa ndipo walipoiweka kofia yake," alisema Verlene, akanyoosha mkono kuelekea kitandani bila kutazama.

Wageni wakatazama. Kitandani palikuwa na mfarishi wa viraka uliotandikwa ukanyooka, na mito miwili, basi. Kofia ilikuwa kwenye kiti cha pembeni, imewekwa chali, mdomo juu.

Mwanamke mmoja aliyevaa miwani ya jua kichwani akacheka kidogo, cheko la mtu aliyelipa kiingilio akapata alichokifuata.

"Imehama," alisema.

"Imehama," Verlene alikubali. Akaichukua, akairudisha kitandani, akaendelea na maneno pale pale alipoishia, kama mtu aliyemwondoa paka mezani. "Ikawa Bibi Lavinia anaoka mikate jikoni. Akamwona mpishi wa msafara wa ng'ombe anakuja peke yake, anamkokota farasi wa Kapteni. Mpishi hakusema neno. Alipita, akaingia chumba hiki, akaiweka kofia kitandani. Bibi Lavinia alipoiona akajua kwamba mto umemchukua mumewe. Tangu siku hiyo, watu husema, hawezi kuvumilia kofia juu ya kitanda hiki. Huja akaiondoa."

Alisema hivyo kwa sauti ile ile anayosemea choo kiko wapi. Zamani alikuwa akishusha sauti kwenye neno mpishi, akanyamaza kidogo, watoto wakashikana mikono. Siku hizi hashushi. Na ajabu ni kwamba wageni wanaogopa zaidi.

Hiyo ndiyo hadithi. Ukweli kila mtu hapa Benbow anaujua, na haumfurahishi mtu. Kapteni Quarles hakuzama mto wowote. Alipeleka ng'ombe wake Kansas, akarudi salama, akanenepa, akafa kwa kichomi katika hoteli ya Fort Worth. Lavinia naye, mwaka haujaisha, akaolewa na mwenye benki, akahamia mjini kwenye taa za gesi na barabara isiyo na matope, na ranchi hakuikanyaga tena mpaka anakufa. Kama kuna mzuka usio na sababu hata moja ya kurudi katika nyumba ile, basi ni wa Lavinia. Lakini niambie wewe, nani atawapakia watoto garini kutoka Lubbock waje kusikiliza habari za kichomi?

"Na yule mzee mwingine?" aliuliza yule mwenye miwani. "Yule wa kwenye kinu cha upepo. Tulisoma kwenye mtandao. Wanasema siku hizi ni yeye anayeitoa kofia, si yule bibi."

"Hoyt," alisema Verlene. "Alikuwa fundi wa hapa."

"Ulimfahamu?"

"Nilimfahamu." Akakifuata kidirisha, akavuta vifuniko vya mbao mpaka chumba kikaingia giza la mchana. "Samahani, saa hizi jua linaingia upande huu. Jua linakula rangi. Twendeni jikoni, mtaona jiko lenyewe la Bibi Lavinia, na tafadhali msiguse vipini."

Hoyt Stroud alikuwa mumewe.

*

Huku kwetu kofia haikai kitandani. Mtoto huambiwa hilo kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Wengine watakuambia inaleta kifo, wengine watasema ni farasi kukuangusha, wengine ukame. Wazee hawakubaliani inaleta nini, wanakubaliana tu uitoe. Na ukiitoa uiweke chali, ili bahati iliyomo isimwagike.

Hoyt alichunga ng'ombe wa ukoo wa Quarles tangu ujana wake, na warithi walipochoka na mavumbi wakaitoa nyumba kwa kaunti iwe makumbusho, yeye alibaki na nyumba kama mlango unavyobaki na bawaba zake. Alirekebisha uzio, alipaka kinu mafuta, aliziba paa. Kisha akaja Marisela Ybarra, mkurugenzi, binti wa San Antonio, msichana mwenye adabu na haraka zake, na wazo lake la kwanza likawa kuiweka kofia kitandani kama hadithi inavyosema, na kibao cha maelezo kando yake. Wageni waione. Wapige picha.

Hoyt akaitoa. Marisela akairudisha. Kesho yake Hoyt akaitoa.

"Mzee Hoyt, ni maonyesho tu," Marisela alimwambia.

"Najua, mwanangu. Lakini kifo hakisomi kibao."

Hawakugombana. Kila asubuhi, kabla ya kufungua, Hoyt alipita chumbani akaihamishia kitini. Na kila asubuhi, wageni wakishaingia, Marisela au Verlene aliirudisha kitandani. Wageni walipoanza kuuliza kwa nini kofia inahama, hakuna aliyewajibu vizuri, na huo uvumi ukajilea wenyewe. Verlene alikuwa akimtania usiku wakila: "Mzuka wangu, nipitishie chumvi."

Mwezi wa pili, siku ya baridi kavu, Hoyt alianguka chini ya kinu na spana mkononi. Moyo. Aliyemkuta ni rafiki yake Dub Teague, ambaye sasa ndiye anayeshika funguo na kazi za nje. Kofia ya Hoyt ilikuwa imebiringika mpaka kwenye uzio.

Watu walimsubiri Verlene alie. Akina mama wa kanisa walimletea bakuli la viazi vya jibini baada ya bakuli la viazi vya jibini, wakakaa naye sebuleni wakimwangalia usoni, na yeye akawauliza hali za wajukuu wao. Hakuwa anajikaza. Mguu ukiukalia sana hufa ganzi. Ukiugusa unajua ni wako, ila hauna habari nawe. Ndivyo alivyokuwa kifuani. Jumatatu iliyofuata maziko akarudi kazini, akafungua chumba cha kulala cha Kapteni, akakuta kofia iko kwenye kiti. Chali.

Akasimama pale mlangoni mpaka Marisela akaja kumtafuta.

Hakumuuliza mtu. Ukiuliza utajibiwa.

Na tangu hapo, kila asubuhi, kofia iko kwenye kiti.

*

"Sitaki kukulazimisha, Bi Verlene," alisema Marisela. Walikuwa kwenye ofisi iliyokuwa zamani stoo ya nyama, kila mmoja na kikombe chake cha kahawa. "Ukisema hapana, ni hapana. Sitauliza tena."

"Sema, mwanangu."

"Bodi wanataka awemo kwenye Ziara ya Mizuka mwaka huu. Mzee Hoyt. Kwa jina lake. Wageni wanamwulizia yeye kuliko Lavinia." Marisela alikizungusha kikombe. "Kuna bibi kutoka Abilene anaapa amemwona kwenye kinu. Mwingine anasema alisikia mtu anatembea chumbani, polepole, bila viatu. Na kofia, kofia unaiona mwenyewe. Kijana wa matangazo anachukua maneno leo jioni. Ndiyo maana ninauliza leo. Nisamehe kwa kuuliza."

"Mtasema nini?"

"Kwamba aliipenda nyumba hii mno, hakuweza kuondoka." Akainua macho haraka. "Kwa heshima, lakini. Wewe ndiye ungeisimulia, au tungempa mtu mwingine, unavyotaka."

Verlene aliitazama kahawa yake. Aliipenda nyumba hii mno. Lilikuwa neno zuri, na pengine lilikuwa kweli.

"Nipe mpaka wakati wa kufunga," alisema.

Sasa nikwambie jambo ambalo hakumwambia Marisela, wala mchungaji, wala dada yake wa Amarillo aliyepiga simu kila Jumapili. Jioni ya maziko, Verlene alifika nyumbani na kofia ya Hoyt ndani ya mfuko wa plastiki aliopewa na watu wa maiti. Akaitoa. Akaenda nayo chumbani, akaiweka kitandani, upande wa Hoyt, juu ya mfarishi wa buluu walioshonewa na mama yake Hoyt walipooana. Alijua anachofanya. Aliiweka kama mtu anayeigonga meza. Haya, alisema moyoni, hiyo hapo. Njoo uitoe.

Hakuja. Kofia iko pale mpaka leo. Verlene analala ukingoni mwa upande wake, hageuki, na kila asubuhi anafumbua macho na kofia iko pale pale alipoiacha. Kisha anaendesha gari mpaka makumbusho, na huko kofia ya marehemu Kapteni, kofia ya mtu aliyekufa kwa kichomi, imetolewa kitandani na kuwekwa chali.

Kwa hiyo swali la Marisela halikuwa la matangazo. Kama Verlene atasema ndiyo, atakuwa amekubali kwamba Hoyt yupo, na amechagua. Wanawake wa Abilene wanamwona. Wageni wanasikia nyayo zake. Kwenye nyumba ya Quarles anakuja kila siku alfajiri kama kazini. Nyumbani kwake mwenyewe, kwa mke wake mwenyewe, hata kukanyaga hakanyagi. Na akisema hapana, je, huko kuja kutakoma? Maana wivu ulikuwa wivu, lakini zile asubuhi mlangoni, akiiangalia kofia kwenye kiti, ndizo pekee katika siku nzima ambapo kitu kilimchoma.

*

Mchana wageni wa ziara ya pili waliletewa chakula chao barazani: mikate ya mahindi, maharage, chai baridi. Verlene alikwisha kukirudisha kila kitu mahali pake kwa ajili yao, kofia nayo kitandani. Akakumbuka hakufunga vifuniko vya kidirisha cha pili. Mfarishi wa Lavinia una miaka zaidi ya mia; saa moja ya jua la mwezi wa kumi inatosha kuutia doa jeupe. Akarudi ndani.

Mlango wa chumba ulikuwa wazi nusu.

Dub Teague alikuwa ameinama juu ya kitanda. Mtu mkubwa, mwenye mgongo mpana, ameishika kofia kwa ukingo kwa vidole viwili vya kila mkono, kama mama anayetoa sufuria motoni. Alikuwa na soksi tu miguuni. Soksi ya kushoto ilikuwa na tundu, kidole gumba kimechungulia. Aliibeba kofia mpaka kwenye kiti, akaigeuza, akaiweka chali, akaisukuma kidogo ikae sawa.

"Dub."

Akageuka. Hakushtuka sana. "Shemeji. Viatu nimeviacha nje, usinitazame hivyo. Najua sakafu yako."

"Ni wewe."

"Asubuhi niliitoa, nikaenda kwenye ile pampu ya nyuma inayovuja. Ndipo nikaona nyinyi mko barazani, ngoja nipite mara moja, maana mmeshairudisha tena." Akaipangusa mikono kwenye suruali. "Yule binti naye hachoki."

"Kila siku ni wewe."

"Sasa awe nani?"

Dub akamwangalia, na uso wake, ambao si mwepesi kuelewa mambo, ukaanza kuelewa. Akaikodolea macho kofia, akamrudia yeye.

"Shemeji," alisema polepole. "Nilidhani unajua."

"Nilijua."

"Ningejua hujui ningekwambia siku ya kwanza."

"Nimesema nilijua, Dub."

Akaketi kwenye ukingo wa kidirisha, mahali ambapo hakuna anayeruhusiwa kuketi, na Verlene hakumwambia ainuke. Nje mtoto wa mgeni alikuwa analilia chai zaidi.

"Ni yeye aliniambia," Dub alisema. "Ile wikendi mlipokwenda Amarillo kwa dada yako, kabla ya Krismasi. Akanikabidhi funguo. Akasema, Dub, mimi nikiwa sipo, usiniachie kofia kitandani. Nikamwambia, mzee mzima unaogopa kofia. Akasema, sikuulizi kama unaogopa, nakuomba uitoe." Akakipapasa kile kidole kilichochungulia. "Basi nikaitoa. Mkarudi, akaendelea mwenyewe. Halafu ikawa vile ilivyokuwa. Jumatatu nikaja kufungua, nikaiona iko kitandani. Hayupo, si ndiyo? Alisema akiwa hayupo."

"Ilikuwa wikendi moja, Dub."

"Najua." Akafikiri. "Lakini hakuniambia niache."

Verlene akafunga vifuniko vya kidirisha cha pili. Vilikwama kama kawaida, akavipiga kwa kiganja mahali pale Hoyt alipokuwa akivipiga, vikaingia. Chumba kikawa na giza na harufu ya nta ya sakafu. Alingoja kitu kije. Hasira, pengine, ingefaa. Zile asubuhi zote! Alimwona Dub pale gizani, na soksi zake bila viatu, na mikono haijui pa kwenda.

"Shonesha hiyo soksi," alimwambia.

"Nitashonesha."

"Leta, nitakushonea."

*

Wakati wa kufunga alimkuta Marisela anahesabu vipeperushi vya kale na kuvifunga kwa mpira. Binti alisimama alipomwona. Kwao walimlea vizuri.

"Hapana," alisema Verlene.

"Sawa."

"Hayupo hapa, mwanangu."

Lilitoka kama neno la kawaida. Akalisikia baada ya kulisema, likamrudia sikioni kwa sauti yake mwenyewe.

"Hoyt hayupo hapa," alisema tena, maana mara ya kwanza alikuwa kama anamjibu mtu, na mara ya pili alikuwa anajiambia. "Na hakuipenda nyumba hii hivyo mnavyosema. Paa lake lilimtesa. Alikuwa akiitukana kila masika. Msimulieni Lavinia. Yeye hana aliyebaki wa kuumia."

Marisela akatikisa kichwa kukubali. Alitaka kumshika mkono, akaogopa, akaishika kalamu. "Na kofia? Bi Verlene, mimi nimeiona kwa macho yangu."

"Kofia ni Dub."

"Dub?"

"Kwa soksi."

Marisela akaitua kalamu. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Niiondoe? Naweza kuiacha kwenye kiti. Kibao nitakibadilisha, si kazi."

Verlene akafikiria. "Iache kitandani," alisema. "Ukiiondoa, Dub atafanya nini asubuhi."

Akachukua mkoba wake. Nje Dub alikuwa juu ya ngazi ya pampu, akapunga mkono, naye akapunga. Kinu kilikuwa kinazunguka bila haraka, kinalia pale kilipokuwa kikilia siku zote, maana tangu Hoyt afe hakuna aliyekipaka mafuta mpaka juu. Hakusimama. Wala hakutazama chini yake, kama alivyokuwa akitazama kila jioni, kwa pembe ya jicho, mtu asimwone.

*

Nyumba yao iko nje kidogo ya mji, inatazama magharibi. Chumba cha kulala ndicho kinachopata jua lote la alasiri. Hoyt ndiye aliyekuwa anafunga pazia akirudi kula mchana. Verlene kazini hufunga madirisha ya Lavinia kutwa, nyumbani tangu mwezi wa pili hajagusa hata moja.

Aliingia na koti lake. Jua lilikuwa bado limejaa chumbani, limelala kitandani kote, na kofia imekaa katikati ya upande wake Hoyt, na vumbi ukingoni.

Akaitazama. Hakuna aliyekuja. Hakuna aliyekwenda mahali pengine akaacha kuja hapa. Hoyt hakumnyima kitu. Alikuwa amekufa tu, huku na kule sawasawa.

"Haya," alisema. "Naitoa."

Akaishika kwa ukingo, kwa vidole, kama Dub. Ilikuwa nyepesi kuliko alivyokumbuka. Ndani, kwenye mkanda wa ngozi, kulikuwa na alama nyeusi ya jasho, na unywele mmoja mfupi mweupe umenasa kwenye mshono. Akaipeleka kwenye kiti cha pembeni ya kabati, akahamisha gauni lililokuwa juu yake, akaiweka. Chali. Akaisukuma kidogo ikae sawa.

Kisha akageuka kutandika.

Mfarishi wa mama yake Hoyt ulikuwa mweupe. Alisimama na mto mkononi, hakuelewa. Alikuwa akiulalia kila usiku na hakuona. Buluu yote ilikuwa imekwisha, viraka vyote vimepauka rangi ya maji ya kufulia, kutoka upande wake mpaka upande wa pili, miezi yote ile ya jua. Yeye, ambaye kazi yake ni hiyo. Isipokuwa pale ilipokuwa kofia. Pale palibaki duara, lenye umbo la yai, buluu kabisa, buluu ya mwezi wa pili, na nyuzi za mshono bado nyekundu.

Verlene akaweka mto chini. Akakaa kitandani, upande ule, taratibu, kama mtu anayekaa karibu na aliyelala. Akaweka kiganja juu ya duara. Mfarishi wote ulikuwa na moto wa jua, ila hapo chini ya mkono wake palikuwa baridi.

Alikaa hivyo. Jua likasogea, likafika kwenye vidole vyake, na akainua mkono wa pili akautandaza kando ya ule wa kwanza, kulikinga.